Imla ya Wasichana wa Darasa la Sita

Sanduku la maoni lilikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ililalamikia choo cha wasichana kukosa mlango, ya pili iliomba mpira. Ya tatu Mwalimu Mkuu Dismasi aliisoma mara mbili, kisha akamsogezea afisa ustawi wa jamii kama anayesukuma sahani iliyoingiwa na nzi.

*Mwalimu Bonifasi akinituma stoo ananifuata na kufunga mlango. Nimechoka. Naomba mnisaidie.*

Leonia alikuwa mwaka wa tatu akijitolea kufundisha Kiswahili hapo shuleni, mwendo mfupi kutoka Mwandiga, akisubiri ajira. Aliutambua mwandiko kabla hajamaliza mstari. Ulikuwa wa Ella. Na ni yeye aliyewaambia watoto waandike lolote bila jina, kwamba ustawi na serikali ya kijiji wangesoma na kuwasaidia.

"Mwandiko wa nani huu?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Sijui, Mkuu."

"Hujui, na madaftari unasahihisha wewe!"

Afisa ustawi, mama mwenye sauti ya upole, alitoa fomu. "Bila jina la mtoto sifungui faili, wanangu. Nitaandika nimemhudumia nani?"

"Na Bonifasi?" Leonia alithubutu.

Mtendaji wa kijiji, aliyeketi kando ya Mwalimu Mkuu, alicheka. "Mwalimu wa hesabu tunaye huyo huyo mmoja. Kwanza tumjue anayemchafua."

Chumba cha pili, Bonifasi alikuwa akiwaimbisha watoto jedwali la kuzidisha kwa saba.

"Wape imla wasichana wote wa la sita," Mwalimu Mkuu alisema. "Sasa hivi. Au barua yako ya ajira utaandikiwa na mwingine."

Leonia alijichukia, lakini alikwenda.

Walikuwa wasichana kumi na tisa. Afisa ustawi alikaa nyuma, ile karatasi mapajani. Leonia alisoma sentensi aliyopewa, yenye stoo na mlango na msaada, na Ella akainua kichwa upesi. Leonia akapita kando ya dawati lake, akainama kama anayeokota chaki.

"Andika ovyo," alinong'ona. "Ella, andika ovyo."

Mtoto alimtazama asielewe. Akageuka nyuma, na yule mama wa ustawi akamtabasamia. Hapo uso wa Ella ukachangamka, na Leonia akayasoma yote humo: kumbe wameisoma, kumbe wanamtafuta! Ella akaishika kalamu sawasawa, akaandika polepole kwa herufi zilezile. Juu ya karatasi, pasipo kuambiwa na mtu, akaandika Ella Niyokwizera.

Ofisini, mtendaji aliliona jina akasonya. "Hawa si wale wa Burundi? Vibali wanavyo?"

"Ella kazaliwa hapa, Mtendaji."

"Sikukuuliza kazaliwa wapi."

Afisa ustawi alijaza jina. Penye hatua iliyochukuliwa aliandika kwamba familia imetembelewa. "Basi twendeni tukaitembelee," alisema, akifunika kalamu. "Mimi siandiki uongo."

Leonia aliamriwa aende nao. Ella aliongoza njia, akikimbia mbele na kurudi, akiwaonyesha pa kukanyaga wasiingie kwenye tope. Kila alipogeuka alimchekea mwalimu wake. Leonia alitazama chini.

"Mama! Baraje!" Ella aliita kwa Kirundi walipoifikia migomba ya kwao. "Wamekuja!"

Mama yake, Révérienne, alikuwa akimenya mihogo uani. Alimwona mtendaji, akaliona na jalada kwapani mwake. Alisalimu, akaweka kisu chini, akaingia ndani, nao wakamsikia akianza kukunja mikeka na kufungasha vyombo.

"Mama, usiende! Hawa ndio wa kutusaidia," Ella alisema. Akavuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa sketi yake ya shule, akamwekea mtendaji akae.