Maiti Isiyo na Jeraha

Kambale alitolewa majini bila hata mchubuko. Wazamiaji wenzake walimpa jina hilo kwa utani, eti nchi kavu humkausha. Sasa mwili huo mzima ndio uliomponza mkewe. Mama mkwe alimkagua mwanawe kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha akauliza asubuhi ile alikunywa chai ya nani. Wifi akadakia kwamba mtu mwenye afya yake hafi hivihivi. Kufikia siku ya tatu, kila mara mjane alipoingia sebuleni, mazungumzo yalikatika.

Habari hizo zilimfikia fundi baruti kule bandarini. Yeye ndiye aliyelipua nguzo za gati kuukuu siku hiyo. Alikuwa amepiga king'ora mara tatu, na ofisi ilimwandikia kwamba majini hamna mtu. Kumbe hatua mia mbili kutoka hapo, Kambale alikuwa chini ya meli akikwangua kutu. Msimamizi alimwonya fundi asiende msibani. Uchunguzi haujaanza, na mdomo uliponza kichwa.

Alikwenda. Alivua viatu mlangoni, akakataa kiti.

"Mama, mkaza mwanao hana hatia. Baruti iliyomuua mwanao niliilipua mimi."

Wifi aliinuka; mama akamzuia kwa mkono. Alitaka kujua ilikuwaje mwanawe afe, na walinzi waliosimama gatini, karibu zaidi, warudi kwao wazima.

Fundi alimweleza taratibu. Hewa hubonyea, kwa hiyo mshindo hulegea njiani. Maji hayabonyei kirahisi. Hulipokea pigo na kulipeleka mbali likiwa na nguvu zake. Mwili nao ni maji mengi, kwa hiyo pigo huipita ngozi bila kuacha alama. Likikuta penye hewa, kwenye mapafu au masikio, hapo ndipo hupasua. Na king'ora cha juu hakisikiki kwa mtu aliye chini, mapovu yakimvuma masikioni. Hayo yote aliyajua. Alipaswa kulizunguka gati kwa miguu yake mwenyewe, akaiamini karatasi.

Mjane alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Aliumia sana?"

"Sijui, shemeji. Nadhani haikuchukua muda. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

 Mama mkwe alimwita mkwewe akae kando yake. Mjane alikuja, lakini akakaa upande wa pili, karibu na dirisha.

Kesho yake fundi aliandika maelezo yaleyale na kutia sahihi. Leseni yake ilifutwa. Msimamizi alihamishiwa idara nyingine. Mwezi uliofuata mjane aliwachukua wanawe akarudi kwao. Mama mkwe hakuwahi kutamka neno samahani. Alimsindikiza mpaka stendi, mfuko mzito kuliko yote ukiwa kichwani mwake, na mjane alipotaka kumpokea, alikataa.