Mfungo wa Padri Nichifor

Shuka tatu zilizotariziwa na mama mzazi wa Rebeka zilitoweka sandukuni wiki mbili kabla ya harusi ya binti yake, Piroska. Bibi harusi wa Kihungaria asiye na shuka za bibi yake huchekwa mpaka uzeeni, na Rebeka hakuwa tayari mwanawe achekwe. Mwizi alimjua: Mromania. Jina tu ndilo hakulijua.

Basi akafanya walichofanya Wahungaria wa bonde lile wakiibiwa. Akampita mchungaji wake wa Kiprotestanti, ambaye angemhubiria subira, akapanda mlima kwa padri wa Waromania. Wahungaria walisema Mromania hawezi kulima mstari ukanyooka. Waromania nao walisema Mhungaria huringa hata usingizini. Lakini padri wa Kiromania akifunga Ijumaa tisa, bila mkate wala maji, mwizi asiyerudisha mali hukonda mpaka afe. Hilo hakuna Mhungaria aliyelibishia. Binadamu ni kiumbe wa ajabu, humdharau jirani kisha akamwogopa Mungu wake.

Padri Nichifor alimsikiliza huku akimenya vitunguu. Alitaka kujua kwa nini asiombewe kwao.

"Maombi ya kwetu ni uji, Baba. Yenu yana meno."

Padri akacheka, akakiri kwamba yeye jino likimuuma huenda kwa kinyozi wa Kihungaria, maana Mromania mwenzake hamwamini na koleo. Kisha akaweka kisu chini.

"Na mwizi akiwa Mhungaria?"

"Mhungaria haibi, Baba."

"Mimi nikifunga sichagui kabila, mama. Itampata aliyechukua. Kesho ni Ijumaa. Nianze?"

"Anza."

Dénes, mumewe, alikuwa mzee wa kanisa na bingwa wa kukejeli ndevu za mapadri wale. Rebeka alipomweleza wakati wa chakula alitegemea kejeli. Kijiko cha Dénes kikabaki hewani. Akauliza ni Ijumaa hii au ijayo. Akauliza kama padri ametajiwa jina.

"Jina la nani, Baba Piroska?"

Dénes akasukuma bakuli la kabichi. Rebeka akamtazama mume aliyeishi naye miaka ishirini na miwili, akaelewa, na ikamuuma kuliko shuka zenyewe. Karata ndizo zilizomponza, Dénes akasema kwa sauti ndogo. Shuka ziko kwa mwenye kilabu.

Alfajiri walitoka pamoja. Dénes aliingia kilabuni na koti lake la sufi, akatoka hana koti, shuka kifuani. Rebeka alidhani watarudi nyumbani. Mume akashika njia ya mlimani, nusu akikimbia, baridi ikimtoa machozi.

Padri alipofungua mlango, Dénes alivua kofia. Akasema kwa Kiromania, lugha aliyokuwa akiapa maisha yake yote kwamba haijui:

"Baba, umeshakula?"