Soksi ya Baba Mihayo

Mwaka 1951 dada yangu Philomena alikuwa akiwaangalia watoto wadogo wa kambi ya mgodi, huku Geita, kwenye banda la nyasi, mama zao wakiwa shambani. Alikuwa na vikaragosi vinne vya soksi kuukuu. Alivivaa mkononi na kuvisemesha: Furaha, Huzuni, Woga na Hasira. Mimi nilivishona vilipofumuka.

"Hasira amenyang'anywa muwa wake," Philomena alisema. "Afanyeje?"

"Apige," walijibu wote, na kazi ikaanzia hapo.

Mihayo, wa miaka minne, kila alipotokea Hasira alimrukia na kumng'ata, mkono wa dada ukiwa ndani. Siku moja akamng'ata Ignas, aliyepewa zamu ya kumvaa Hasira mkononi.

Kesho yake Bhoke, mama yake Ignas, alikuja na jembe begani.

"Mwalimu, mimi sikuleta mtoto aliwe. Nyama zipo buchani."

"Mwenzake ana jambo linamsumbua, Mama Ignas."

"Ana meno. Kesho nikimkuta hapa, wangu simleti, wala wenzangu hawaleti."

Banda lingefungwa, au Mihayo afukuzwe. Na mama yake, Esta, alikuwa anafua nguo za mafundi; asingeweza kufua na mtoto mkubwa mgongoni. Mumewe, Makoye, mchimbaji wa mgodi huo, alikuwa amepandishwa lori akiwa na homa, akafia hospitali Mwanza, akazikwa huko. Wazee wa ukoo waliamua mtoto asiambiwe. Aambiwe baba amesafiri. Sote tulisema hivyo.

Siku ile sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikachungulia njia. Watoto walipolala mchana nilimwona Mihayo kwenye kikapu cha vikaragosi. Alimtoa Hasira. Hakumng'ata. Alimgeuza nje ndani, akaingiza pua, akakaa hivyo. Kisiginoni mwa soksi ile niliona uzi wa bluu ambao sikuutia mimi.

Esta alipokuja kumchukua, Philomena alimwonyesha.

"Soksi hiyo niliileta mimi," Esta alisema. "Ya Makoye. Nilidhani ikishawekwa macho hataijua."

"Anaijua. Kila siku anamwona baba yake mkononi mwa mtu mwingine. Mwambie, Mama Mihayo."

"Wazee watanilaumu."

"Wazee hawang'atwi."

Esta alitembea kutoka nguzo hii hadi ile. Honi ya mgodi ikalia, wanaume wa zamu wakaanza kupita barabarani. Mihayo akasogea mlangoni, akawatazama usoni mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Esta naye alimtazama. Kisha akachukua kile kikaragosi, akakata nyuzi kwa meno, vifungo vya macho vikaanguka. Ikabaki soksi. Akaivaa mkononi, akaketi chini.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Baba hakusafiri. Baba amekufa. Amezikwa Mwanza."

"Lori halimleti?"

"Halimleti, mwanangu."

Mihayo alimvua mama yake ile soksi, akaivaa yeye, ikamfika kwapani. Kisha akalia. Hatukuwahi kumsikia akilia.

Asubuhi alikuja nayo mkononi. Bhoke alisimama mlangoni, amemshika Ignas.

"Hasira huyo," Ignas alisema.

"Si Hasira. Ni soksi ya baba. Baba amekufa."

Ignas alijitoa mkononi mwa mama yake, akamsogelea. Mihayo alirudi nyuma hatua moja, halafu akanyoosha mkono.

"Shika. Usivute."

Bhoke alihamisha jembe bega hili, akalirudisha lile. Mwishowe akaenda shambani, akamwacha mtoto.

Vifungo vile niliviokota, bado ninavyo. Sasa ni miaka minane imepita; Philomena tulimzika Jumanne wiki hii, na watoto wake wawili wadogo wameambiwa mama amesafiri. Wazee ndivyo walivyoamua. Tangu asubuhi nakaa, nasimama. Soksi yake moja ipo hapa mezani.