Kondo, Umefika?

Mzee Kondo ni Mzaramo aliyeuza nazi katika soko la Tabora mpaka meno yakamwisha, na mji mzima unamjua kwa jambo moja tu: kwamba alichoka. Mtoto wa chekechea pale Chemchem hajui bado kuhesabu mpaka ishirini, lakini mwulize Kondo alifanya nini, atakujibu "Ameshusha," kisha atatikisa kichwa mbele na nyuma kama aliyeingiwa na siafu. Ndivyo wimbo ule unavyochezwa. Gitaa linanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga iliyomeza msumari, mwanamke anauliza kwa sauti ya juu, Kondo, umefika? Na umati, uwe wa harusini au wa mpirani, unajibu kwa pamoja: Ameshusha!

Kwamba Mzee Kondo hakuchoka hata kidogo, hilo halikuwahi kumshughulisha mtu isipokuwa Mzee Kondo mwenyewe.

Mambo yalianzia barabarani kati ya Nzega na Lusu, mwishoni mwa miaka ya sabini. Wakati huo Kondo alikuwa kijana mwenye afro iliyopita mlangoni kwa ubavu, mpiga dramu wa Radi Bendi. Bendi hiyo ilipiga roki, tena roki ile nzito ya kuwafanya wazee wafunge madirisha mchana kweupe. Kiongozi wake alikuwa Majidi, Mnyamwezi wa Chemchem, mpiga gitaa, mwimbaji, na mtani wa Kondo. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, babu zao walipokutana njiani, hawa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wale wakiwatazama kutoka kivulini. Wakacheka, wakatukanana, wakapeana ruhusa ya kuendelea hivyo hivyo milele. Mtani atakutukana, atakuvua kofia aivae yeye, atakaa mezani kwako ale kabla yako, na wewe huna haki ya kununa. Ukinuna umeshindwa.

Basi wakulima wa Lusu walikuwa wamevuna pamba vizuri, wakaiita Radi Bendi iwapigie bugi, yaani dansi la mchana. Lori likanasa kwenye mchanga njiani, ikabidi watembee. Jenereta ilining'inizwa kwenye mti, ikabebwa na vijana wanne. Zuwena, mwimbaji wao, alibeba maikrofoni na viatu vyake. Majidi alibeba gitaa. Kondo akatwishwa spika kubwa, kata ya khanga chini yake, naye akaenda nayo vizuri tu, hata alikuwa anapiga mluzi. Ndipo akatokea mbele yao bibi mmoja wa Kisukuma, mtu mzima sana, na jembe lake begani. Kondo alilelewa Kisarawe na mama asiyecheza na adabu. Akainama, akasema, "Shikamoo, bibi."

Spika, ambayo haikulelewa Kisarawe, ilikwenda moja kwa moja chini.

Bibi aliitikia marahaba akashika njia yake. Majidi alikuwa nyuma ya Kondo hatua chache, wengine wakiwa wamebaki mbali nyuma, na aliona kila kitu: aliona bibi, aliona salamu, aliona spika inavyoondoka. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu yeye mwenyewe alilisahau kabla hawajafika Lusu.

Walipounganisha nyaya wakakuta spika imechanika ndani. Majidi akagusa uzi mmoja wa gitaa, ikatoka sauti iliyowafanya mbuzi wa Lusu wakate kamba. Kiongozi mwingine wa bendi angekaa chini alie. Majidi alitabasamu tabasamu baya. Akazipiga nyuzi za chini, nzito, tena na tena, kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo, akamgeukia Kondo mbele ya watu wote akaanza kueleza jinsi Mzaramo alivyojitwika, alivyotoa jasho, alivyokumbuka madafu ya kwao, alivyochoka. Zuwena akadakia, Kondo, umefika? Na wakulima, ambao hawakuwahi kuusikia wimbo huo kwa kuwa haukuwapo dakika tano zilizopita, wakajibu kama waliofundishwa.

Kondo afanye nini? Kununa haruhusiwi. Alishika vijiti vyake akalipiga tusi lake mwenyewe kwa nguvu zote, akitumaini kwamba kelele zitayafunika maneno. Hazikuyafunika. Zilifanya wimbo uwe mtamu zaidi, na mpaka leo wajuzi wa muziki huwaeleza wenzao vijiweni kwamba siri ya wimbo ule ni dramu, zile dramu za mtu mwenye uchungu.

Walipokwenda kuurekodi Dar es Salaam, studio iliwapa spika mpya yenye kung'aa, na wimbo ukatoka umepoa kama ugali wa jana. Ikabidi ile iliyochanika iletwe kwa treni kutoka Tabora. Fundi mitambo akaizuia mlangoni, akawaambia kwamba mafundi redio wako mtaa wa pili. Kule stesheni Kondo alikuwa amenyoosha mikono aipokee, na Majidi akamsogeza kando taratibu, akamwambia yeye hapana, ashike tiketi.

Bendi ilikuja kufa, kama bendi zinavyokufa, kwa ndoa na ukosefu wa nyuzi. Wimbo ukakataa kufa. Harusi ya Tabora haijawa harusi mpaka bwana harusi aulizwe kama amefika. Timu ya ugenini ikifungwa, jukwaa zima linamtaja Kondo, ingawa Kondo hajawahi kucheza mpira. Adriano, aliyekuwa akipiga gitaa zito la besi, alirudi kanisani akaanzisha kwaya, akaugeuza wimbo uwe wa Noeli, Ibilisi akaulizwa kama amefika, waumini wakajibu ameshushwa, na padri akakiri kwamba haujapata kutokea wimbo ulioamsha watu vile katika misa ya asubuhi. Makondakta wa mabasi ya Nzega wakakiita kituo kimoja Ameshusha. Siku hizi vijana wameutia kwenye simu, wanajirekodi wamejitwika ndoo, gitaa likinguruma wanaidondosha. Daktari aliyempima Mzee Kondo presha aliufunga mkanda mkononi mwake huku akiuimba kwa pua. Hata Tatu, mkewe, Mnyamwezi wa damu, huuimba akikuna nazi, tena nazi za mumewe.

Na kila Ijumaa baada ya swala, kwa miaka arobaini na kitu, Kondo na Majidi walikaa kwenye benchi la muuza kahawa, na Kondo aliuliza swali lile lile.

"Mtani, sema kweli leo. Nilichoka?"

"Ulichoka."

"Na yule bibi?"

"Bibi gani?"

Kondo alikuwa akicheka, kwa kuwa ndiyo sheria, lakini hakuwa anacheka moyoni. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajazikwa: mtu mmoja aseme kwamba hakushindwa na mzigo. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, maana yule bibi wa jembe alishakwenda zake zamani. Alikuwa na hakika kwamba iko siku Majidi angezeeka sana, angelainika, angesema. Badala yake Majidi alizeeka, akawa mkorofi zaidi, na Jumanne moja asubuhi akafariki akiwa anamtukana jogoo wa jirani.

Kondo alifika msibani wa kwanza, amevaa suruali ya bugaluu ya marehemu ya jukwaani, ile ya zambarau, ambayo alijitwalia kwa haki ya utani miaka mingi iliyopita na ambayo sasa ilikuwa haifungi. Mtani msibani hana mipaka. Aliwauliza waombolezaji wanalia nini, kwani Majidi hajafa, amejificha tu asiulizwe jambo fulani. Akakalia sufuria la pilau, akakataa kuondoka mpaka apewe ukoko. Watu walicheka huku wakifuta machozi, na ndiyo kazi ya mtani. Wengine walikuwa wakisubiri kilele chake, kwa kuwa desturi inamruhusu mtani kulisimamisha jeneza njiani, kulishusha, na kugoma mpaka abembelezwe.

Ndipo Sabiri, mpwa wa marehemu, mwenye bodaboda, akasimama uani akasema mjomba ameacha neno. Akajikohoza, akajitahidi asicheke, akashindwa.

"Mjomba amesema jeneza lake abebe yeyote. Ila Kondo asiliguse. Amesema, 'Ataniangusha.'"

Ua mzima ulilipuka. Hata sheikh aligeuka akautazama ukuta kwa muda. Kondo naye alicheka, lakini alielewa hapo hapo kwamba basi, limekwisha, mtu pekee aliyeona amekwenda na alichokiona, na njiani amempiga teke la mwisho. Alimkasirikia Majidi kuliko siku zote, na alimpenda kuliko siku zote, na hivyo viwili havikai vizuri ndani ya bugaluu isiyofunga.

Jeneza lilipoinuliwa, alikwenda mbele, upande wa kulia, akamwondoa mtu mzima mwenzake kwa kiwiko, akatia bega.

Kwa kawaida watu hupokezana. Kila mmoja anataka thawabu zake, anabeba hatua chache, anaguswa bega, anapisha. Aliyemgusa Kondo bega wa kwanza hakujibiwa. Wa pili aliambiwa aende akafe kwanza ndipo arudi. Watatu walipojaribu kumbandua kwa pamoja, aliwakumbusha kwamba yeye ni mtani wa marehemu na anaweza kuwavua kanzu. Wakamwacha. Mbele kushoto alikuwa Sabiri, na nyuma walibadilishana kadiri walivyotaka, lakini kona ya mbele kulia ilikuwa ya mzee wa miaka sabini na ushee, mwenye suruali ya zambarau chini ya kanzu, anayehema kama garimoshi la Kigoma.

Walipofika barabara kuu, simu ya Sabiri ikaita mfukoni. Mlio wake, bila shaka, ulikuwa ule. Gitaa likanguruma kutoka kwenye kanzu, na Sabiri mikono yake yote iko kwenye jeneza. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Ajabu ni kwamba baada ya muda hakuna aliyenung'unika, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuifuata. Mwendo ule Majidi aliutunga kwa mtu mwenye mzigo, na sasa ulikuwa umempata mtu mwenye mzigo. Kondo alihisi bega limekuwa jepesi kidogo.

Sasa sikia balaa. Karibu na makaburi, kwenye baraza ya nyumba ya mwisho, alikuwa ameketi Bi Mwanajuma, mwenye miaka tisini na zaidi, mtu pekee katika Chemchem nzima ambaye Kondo bado anamwamkia. Kondo alimwona kwa mbali. Sabiri naye alimwona, akamwona Kondo alivyomwona, akanong'ona, "Mzee, usithubutu. Pita tu. Atakuelewa."

Mtu angeweza kupita kweli, kwa kuwa mwenye jeneza begani ana udhuru wake. Lakini mama yake Kondo, marehemu wa siku nyingi kule Kisarawe, alikuwa bado yumo ndani ya shingo yake, na shingo ilianza kuinama yenyewe. Akaikaza. Akashusha pumzi. Akafanya kama wafanyavyo wanawake wenye ndoo za maji vichwani: mgongo wima, akakunja magoti.

Kona ya mbele kulia ikazama. Sabiri, kwa hofu, akakunja yake. Wa nyuma wawili, walipoona jeneza linalalia mbele, wakakunja haraka. Na hivyo, kwa usawa kabisa, bila kuinama hata inchi, wanaume wanne walipiga goti mbele ya Bi Mwanajuma, na Majidi juu yao, ambaye maishani hakuwahi kumwamkia mtu bila kumtania, naye akapiga.

"Shikamoo, bibi," akasema Mzee Kondo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Mwanajuma, akawatazama wote. "Nyote marahaba."

Wakainuka. Jeneza halikutikisika. Nyuma katika msafara mtu mmoja akasema, "Kumbe," na mwingine akarudia, na lile neno likaenda likishuka mpaka kwa watu wa mwisho ambao hawakuona kitu. Kondo alilisikia. Hakugeuka.

Walimzika Majidi vizuri, wakarudi nyumbani kwa dua. Kondo aliketi kwenye mkeka kibarazani, bega limevimba, suruali imekata vifungo viwili. Ndani, nyuma ya pazia, Zuwena alikuwa ameketi na wanawake, mjane aliyeingia eda asubuhi ile. Ndiye aliyekuwa sauti ya wimbo ule, na ndiye aliyeolewa na gitaa lake. Sasa akasema, kwa sauti ile ile ya juu, iliyopasuka kidogo kwa uzee na kilio.

"Kondo, umefika?"

Ua mzima ulivuta pumzi kwa mazoea. Vinywa vilikwisha funguka, Sabiri alikwisha tikisa kichwa mara moja. Kisha kila mmoja akajishika, wakamgeukia mzee. Miaka yote ile hakuna aliyempa nafasi ya kujibu mwenyewe.

"Nimefika, shemeji," alisema Mzee Kondo. "Na yeye nimemfikisha."

Halafu akafanya lile ambalo mtani haruhusiwi kulifanya msibani. Akalia.