Kiti cha Mgeni

Shuka la hoteli hunyooshwa kuanzia pindo la juu, kisha katikati, kisha hugeuzwa na kazi ikaanza upya. Bi Mkunjo alikuwa akiifanya kazi hiyo wima tangu binti yake yuko darasa la kwanza, na sasa binti alikuwa amemaliza shule. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu akiona mkunjo kwenye nguo ya mtu, hata msibani, mkono humwasha. Chumba cha pasi kilikuwa na meza nne, pasi nne za mvuke, dirisha moja lililokwama, na hakikuwa na kiti hata kimoja.

Kiti alishakiomba. Baridi yabisi ilikuwa imemshika magoti, ikateremkia vifundo vya miguu, na daktari alimwambia bila kuficha kwamba akiendelea kusimama kutwa, magoti yale yatamwacha njiani. Msimamizi wa dobi alimsikiliza akiwa amekaa, akampima kwa macho toka utosini hadi unyayoni.

"Mama, mimi naona mtu mzima na afya zake. Hayo maumivu yako wapi, niyaone?"

Hakuwa na cha kumwonyesha. Alirudi mezani kwake.

Kliniki ilikuwa Jumatano. Baada ya kuchukua dawa, wagonjwa wa siku nyingi waliingia chumba cha pembeni kwa zoezi la kutulia. Aliyelifundisha ni muuguzi mwenye sauti ya chini, ambaye hakumwahidi mtu kupona. Alisema mwenye ugonjwa wa kudumu hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na vita anavyopigana nao usiku na mchana. Huo wa pili, alisema, unaweza kutuliwa.

"Fumbeni macho. Sikilizeni pumzi ikiingia, ikitoka. Maumivu yakija msiyafukuze. Yakaribisheni kama mgeni, myape nafasi yakae."

Wengine waliyachukua hayo kama maneno ya mwalimu tu. Bi Mkunjo alilelewa na bibi asiyejua kukaribisha nusunusu. Alivuta pumzi, akaitoa, akasema karibu, akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani. Maumivu yakatoka kwenye goti la kulia, yakajinyoosha, yakaketi.

Yalikuwa na umbo la mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sweta la kijivu, na kwa pua ile alikuwa wa upande wa baba yake Bi Mkunjo kabisa. Muuguzi alifumbua macho, akampa mgeni maji ya kunywa, akaendelea na zoezi.

Nyumbani binti alimwamkia, "Shikamoo." Mgeni akajibu, "Marahaba, mwanangu," na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yake ya siku nzima. Alilala miguuni pa kitanda. Goti liliendelea kuvimba na dawa ziliendelea kumezwa. Bi Mkunjo akisimama sana, mgeni aliguna na mwenyeji wake akalisikia goti. Akipumua polepole, mgeni alitulia. Lakini adui unayemwona ameketi mbele yako si sawa na anayetembea ndani yako gizani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Bi Mkunjo hakuiogopa kesho, na alishukuru kwa hilo.

Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba sasa alikuwa na cha kuonyesha. Alhamisi alimpeleka mgeni kazini.

"Ulitaka kuyaona," alimwambia Msimamizi. "Haya hapa."

Watu husema mengi juu ya yule bwana, lakini adabu alifunzwa kwao. Aliinuka hapo hapo. "Karibu sana, mama. Pole na safari." Akaleta kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akakipangusa kwa leso, akakiweka kando ya meza ya Bi Mkunjo. Mgeni akaketi.

"Na mimi?" akauliza Bi Mkunjo.

"Wewe si ndiye mwenyeji? Mwenyeji anakaa saa ngapi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wahenga. Hawakusema kama mwenyeji apone akiwa amesimama.

Wakati wa chakula Bi Mkunjo aliwafundisha wenzake zoezi. Mfua mashuka akautoa mgongo wake, mzee mwembamba aliyepinda. Mkunja taulo akakitoa kifua chake, ambacho kilikohoa kwa heshima kikiwa kimeziba mdomo. Msimamizi alinunua viti vya plastiki, akavipanga ukutani. Wenye hoteli walipokuja kukagua, waliwapa wageni mkono mmoja mmoja, wakamsifu Msimamizi kwa ukarimu. Wafanyakazi walijibana mezani ili wakubwa hao wapite.

Alasiri moja, Msimamizi akiwa nje kupokea sabuni, goti la Bi Mkunjo lilikataa. Aliishika meza kwa mikono miwili. Mgeni alimtazama, kisha akanyanyuka.

"Kaa, mwenzangu. Mimi nimekukalia miaka yote hii. Kaa kidogo."

Bi Mkunjo aliketi. Mto ule ulikuwa laini kuliko alivyodhani. Alifumba macho, na machozi yakamtoka, maana hakuna mwingine aliyewahi kumwambia neno hilo mle ndani.

Msimamizi akarudi, akamkuta mgeni ameegemea ukuta.

"Bi Mkunjo! Wewe wa kumwacha mgeni asimame? Hata aibu huoni?"

Aliinuka. Mgeni alianza kusema kwamba ni yeye aliyempisha, lakini Msimamizi alikwishamshika mkono, akamkalisha taratibu na kumwomba radhi kwa niaba ya hoteli.

Kifuani mwa Bi Mkunjo kitu kilijaa, kikubwa kuliko goti, naye alikijua: ilikuwa hasira. Akaikaribisha, kama alivyofundishwa. Hasira ikachungulia nje, ikaona viti vyote vimekaliwa, ikabaki humo humo. Bi Mkunjo akavuta pumzi, akaitoa, akachukua shuka lingine, akaanza na pindo la juu.