Buibui wa Dokta

Dokta wa Kizungu alipanga chumba kwa Bi Mwatum, mtaa wa Malindi, akakijaza chupa za buibui kutoka pango la Mangapwani. Sumu yao, alisema, huozesha nyama ya mtu. Miezi mitatu bingwa huyo aliikamua, asijaze hata kijiko.

Jambo hilo lilimkera Bi Mwatum. Jamaa za yule buibui aliyemfumia Mtume utando mlangoni mwa pango kumficha na maadui, leo wafungwe nyumbani kwake? Dokta alipokwenda kuoga, Bi Mwatum akawafungulia wote.

Dokta alirudi, akavaa viatu, ndipo akaona chupa tupu.

"Wamekwenda wapi?"

"Mie ntajuaje, Bwana Dokta? Msomi ni wewe. Si ulinambia hupenda kujificha viatuni?"

Dokta alisimama kama mlingoti, asithubutu kukunja hata kidole cha mguu.