Kupiga Kiboko

Yasmina alikuwa bado hajamkataa Shakuru, aliyemposa, na hilo lilimuudhi yeye mwenyewe. Wiki nzima shangazi yake Zubeda alimganda kama ruba: mwanamume ana gari, ana duka, ana nyumba Kinindo ambako risasi husikika kwa mbali tu, sasa wewe unangoja nini, mwana wa mfalme? Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya jibu. Na asubuhi ya Jumapili hiyohiyo, mwezi wa Julai, upepo wa ziwani ukiwa na ubaridi wake, bwana huyo akaja mtaani kwao Nyakabiga, Bujumbura, kuwachukua wote wawili, shangazi akiwa mlinzi wa heshima, wakawaone viboko kwa karibu na kuwapiga picha.

Alivaa koti la ngozi. Miwani ya jua pia, na jua lenyewe halijatoka. Nchi imewekewa vikwazo, watu wanatafuta esansi ya magari kama dawa, yeye anaichoma kwenda kutazama wanyama. Kamera ya Dubai ilining'inia kifuani pake, na njia nzima hakuwa na habari nyingine.

"Siku ile nilimusogelea kiboko hivi," alisema, akipima kwa mikono miwili huku usukani ukijiendea. "Mi siogopaka."

"Unasikia?" shangazi akasema kutoka nyuma.

Yasmina alisikia. Alisikia pia kwamba neno picha lilibaki Nyakabiga. Tangu hapo ilikuwa "kupiga kiboko" tu, maana kwa kufupisha hivyo alijiona mwindaji.

Walipoipita Kinindo, kwenye njia ya ziwani, palikuwa na bariyeri: gogo limelazwa barabarani na mwanajeshi mmoja, mtu wa milimani, Kirundi ndiyo lugha yake.

"Munaenda wapi?"

"Tunaenda kupiga kiboko, shefu," Shakuru akajibu, kama anayemjibu mkubwa wake.

Kwa Kirundi, ikiboko si mnyama. Ni ile fimbo ya ngozi waliyochapwa nayo mababu enzi za Wabelgiji. Mnyama ni imvubu, na hilo kila mtu wa Bujumbura analijua, hata Shakuru, kama angekuwa na desturi ya kufikiri kabla ya kufungua mdomo.

Uso wa mwanajeshi ulibadilika. "Kupiga nani kiboko?" Kisha akaona kamera. "Na hii ni ya nani? Nani amekutuma?"

Yasmina alikuwa na neno imvubu kwenye ncha ya ulimi. Akalizuia kidogo. Alitaka kuona, Mungu amsamehe, yule asiyeogopa atafanyaje.

Asiyeogopa alitetemeka mpaka miwani ikamteleza puani. Akaivua kamera, akaitupa mapajani mwa Yasmina. "Si yangu, shefu. Ni ya huyu mwanamuke. Ye ndo alitaka tukuje. Mi naendesha tu."

Siku zile kamera ilitosha kumfanya mtu ashushwe garini asionekane tena, na wote watatu walilijua hilo. Yasmina aliishika kamera kwa mikono miwili. Kisha dharau ikampanda, ikaufukuza woga wote.

Mwanajeshi akamgeukia. "Huyu ni bwana wako?"

"Apana," alisema. "Na hatakuwa. Alitaka kusema imvubu, tunaenda kuipiga foto. Hajui tu kusema."

Mwanajeshi akamtazama yeye, akamtazama mwenye koti la ngozi, akacheka mpaka bunduki ikatikisika begani. Akanyoosha kidole: kando ya matete, kiboko mkubwa alikuwa bado anakula majani, mgongo umelowa.

Yasmina akashuka na kamera, akasogea mpaka mwanajeshi alipomwambia inatosha, akapiga. Shakuru hakutoka garini. Alifunga hata kioo.

Shakuru aliwarudisha mjini. Alipowashusha Nyakabiga ndipo akakohoa, akajiweka sawa koti, akamwambia shangazi, "Sasa Mama, ile jibu?"

Shangazi Zubeda alikuwa anafunga mtandio wake, naye hakuwa na haraka.

"Jibu si ulipewa pale bariyeri?" akasema. "Ao mupaka upigwe kiboko ndo usikie?"